Biringanya Lisilo na Tundu

Soko la Dohazari lina wachuuzi wagumu, watu wa kubonyeza, kunusa na kuguna, lakini gunia la Tofail Ahmad walilinunua bila kulifungua. Mchuuzi akishaambiwa ni la Tofail, anamwita mpagazi na linapanda gari. Kila mtu alijua kwamba humo ndani hakuna biringanya lenye tundu, hata ulimwage gunia zima chini ulichambue mpaka jioni.

Nimelima shamba kwa shamba na Tofail miaka ishirini na sita, kwenye ukingo huu wa mto Shankha, mfereji mmoja tu kati yetu. Katika miaka yote hiyo sijamwona akitia mdomoni biringanya lililotoka kwenye gunia lile. Msimshangae. Hata mimi, Kashem, sili langu. Hakuna mtu hapa ukingoni anayekula anachouza.

Kila nyumba ina bustani mbili. Ya soko iko chini, kwenye udongo mweusi unaoachwa na mafuriko, matuta marefu yaliyonyooka. Ya kula iko nyuma ya zizi la ng'ombe, miche kumi au kumi na miwili, haipigwi dawa hata tone, na matunda yake yametobolewa na funza juu na chini. Wake zetu wanayachuma hayo, wanakata palipooza, funza wanawatupia kuku, kinachobaki kinaingia sufuriani. Kwetu sisi tundu ni dalili njema. Kama funza ameishi ndani ya biringanya, na mwanao ataishi akilila. Hilo hatukufundishwa na mtu, wala halisemwi kwa sauti, hasa mchuuzi akiwa karibu.

Lawama nawapa watu wa mjini, na sitaki kubishana. Wao ndio wanaotaka biringanya linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ukimwonesha mmoja wao tundu la kuingia sindano tu, anarudi nyuma kana kwamba umemfunulia kidonda. Basi tunawapa wanachotaka. Mche usipopata dawa siku tatu, funza anaingia kwenye chipukizi, chipukizi linanyauka, na siku ya nne ameshashuka kwenye tunda. Kwa hiyo tunapiga siku moja, tunaruka moja. Mwezi wa Ramadhani, ambapo kila nyumba ya nchi hii inataka biringanya la kukaanga kwenye futari, hata haturuki. Jioni tunapiga, alfajiri tunachuma. Muuza dawa alituambia tungoje siku kadhaa kabla ya kuchuma, na tulimwitikia vizuri sana, kisha tukarudi mashambani kufanya tulivyozoea.

Tofail ni mtu mfupi, mpole, mwenye alama mbili nyeusi mabegani zilizochongwa na mikanda ya bomba la kupulizia dawa. Dawa alikuwa akiichanganya kwa mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia mara moja atumie kijiti.

"Kijiti hakisikii kama imechanganyika," akasema. "Mkono unasikia."

Puani alifunga kitambaa, kile kile alichojifutia jasho. Miaka ya karibuni vidole vyake vilianza kutetemeka, na Lutfa, mkewe, ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati siku ya Ijumaa. Akitazama taa, anaona duara limeizunguka. Nikimuuliza, anasema ni uzee.

"Uzee gani, kaka? Una miaka hamsini na mbili."

"Basi uzee umeniwahi."

Na mwaka huu shamba lenyewe lilinyamaza. Vyura wa mferejini, waliokuwa wakitunyima usingizi, sikuwasikia tena. Ndege weusi wa mikia ya panda waliozoea kukaa kwenye vijiti vya kuegemezea miche waliacha kuja. Kabla ya Ramadhani mbuzi wa Lutfa alikata kamba, akala majani ya tuta la mwisho, na adhuhuri haijafika alikuwa amelala ubavu, anarusha miguu, povu jeupe mdomoni. Tofail alimzika mwenyewe, mbali na nyumba, akampangia mawe juu ili mbwa wasimfukue. Jioni ile akapiga dawa kama kawaida, nami upande wangu nikapiga yangu, na nakumbuka nilikuwa naogopa bila kujua naogopa nini.

Mtoto wao ni mmoja tu, Morsheda. Aliolewa mjini Patiya, kwa watu wenye nyumba ya ghorofa na geti la chuma, na mumewe, Selim, anafanya kazi bandarini Chattogram. Mimba yake ya kwanza iliharibika mwezi wa nne. Ya pili ikaharibika mwezi wa tano. Baada ya ile ya pili mama mkwe wake, Bi Hajera, alianza yale maneno yanayosemwa mbele ya wageni kwa kicheko, kwamba kuna mashamba unayamwagilia miaka mitano hayakupi hata jani. Mwaka huu Morsheda akapata mimba ya tatu, na mwezi wa Ramadhani ulipoandama alikuwa ameingia mwezi wa saba. Tofail na Lutfa waliishi kwa ajili ya tumbo lile. Likitoka salama, binti yao ana nyumba. Likiharibika, kila mtu alijua Bi Hajera atamwambia nini mwanawe.

Sasa, kwetu Ramadhani haiishi kabla baba hajapeleka futari kwa wakwe wa binti yake. Ni masinia kwa masinia: dengu, bisi za mchele, jelebi za sukari, matunda, na juu ya yote mabiringanya, vipande vyembamba vya kuchovya kwenye unga wa dengu na kukaanga. Hayo yanapelekwa mabichi, kwa sababu yakikaangwa mbali yanalegea njiani. Majirani wa wakwe wanakuja kuchungulia masinia, na kesho yake mtaa mzima unajua binti ametoka kwa watu wa namna gani.

Mwaka jana Lutfa alipeleka mabiringanya ya bustani ya kula. Alimpelekea mwanawe kile ambacho yeye mwenyewe anakila, kama mama yeyote. Bi Hajera akalipasua la kwanza mbele ya wanawake sita, akalinyanyua juu.

"Mkwe wetu analisha soko zima," akasema, "lakini sisi ametuchagulia yenye wapangaji ndani."

Maneno hayo yalifika ukingoni kabla masinia matupu hayajarudi. Morsheda alilia kwenye simu. Lutfa hakutoka nje siku mbili.

Kwa hiyo mwaka huu, siku nyingi kabla ya mwezi kuandama, Tofail alimwambia mkewe kwamba mabiringanya ya Patiya hayatakuwa na tundu hata moja. Haya Lutfa alinisimulia baadaye, akiwa ameshika kichwa.

"Utampelekea mwanangu ya soko?" alimuuliza mumewe. "Na hali aliyonayo?"

"Nimesema yasiyo na tundu. Sijasema ya soko."

Akatenga miche ishirini mwishoni mwa shamba, karibu na mfereji wangu. Akashona vyandarua vyote vikuukuu vya nyumbani, kimoja kikiwa cha Morsheda alipokuwa mdogo, akaifunika miche ile kutoka kichwani mpaka chini, akafukia pindo kwenye udongo ili kipepeo wa funza asipate pa kupita. Dawa hakuipiga kabisa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alitambaa chini ya vyandarua kwa magoti, anakagua chipukizi moja moja kwa vidole vile vinavyotetemeka. Lililolegea analikata kwa kucha na kulitia kwenye kopo lenye maji. Mtu aliyezoea kuua kila kiumbe kwa bomba alikuwa sasa anawawinda funza mmoja mmoja, wiki saba mfululizo.

Mimi hakuniambia kitu. Angeniambiaje? Kuniambia ni kusema kwa kinywa kile ambacho sote tumekubaliana kutokisema. Mimi nikadhani ni wezi, maana Ramadhani biringanya linaibwa shambani kama kuku. Asubuhi moja nikamtania.

"Kaka, umeweka chandarua, bi harusi yuko wapi?"

"Ni mbu," akasema.

"Mbu wa biringanya?"

"Kashem, lima kwako."

Nikacheka na kwenda zangu. Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia aya yoyote, na kila mara najiona nikicheka.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo joto lilikuwa kali na hakuna upepo. Tofail alikuwa anapiga dawa alasiri, amefunga, koo kavu, na ukungu wa dawa haukutawanyika bali ulimning'inia usoni. Nilimwona akisimama, akageuka kama aliyeitwa, akaanguka na bomba mgongoni. Tulipomfikia macho yake yalikuwa mekundu na mboni zimebaki kama punje za haradali. Mate yalimtoka bila kukoma. Tulimnywesha maji ya ukwaju mpaka akatapika, tukambeba nyumbani, Lutfa akamwogesha kwa sabuni mara tatu. Saumu yake ikaishia hapo. Alilala siku mbili akitetemeka, na hakuruhusu aitiwe daktari, kwa sababu daktari atauliza maswali.

Hapa ukingoni mtu akiugua, jirani anampigia dawa. Hatuombani. Ni kama kushika jeneza, unatoka tu na kwenda. Siku ya kumi na tatu nikamaliza shamba langu, nikajaza bomba tena, nikavuka mfereji. Nilipiga shamba la Tofail tuta kwa tuta kwa uangalifu kuliko nilivyopiga langu. Nikafika kwenye vyandarua. Matunda yaliyokuwa mle ndani yalinifanya nisimame. Meusi, mazito, yametulia, hakuna hata moja lenye doa. Nikasema moyoni, haya ndiyo masinia ya Patiya, na huyu mgonjwa akipoteza haya kwa funza nitamtazamaje. Niliwaza aibu ya mwaka jana tu, atakayekula sikumuwaza. Nikafukua pindo, nikainua vyandarua, na mahali ambapo natia kifuniko kimoja cha dawa nikatia viwili. Nikaipulizia ile miche ishirini juu na chini, majani na matunda, mpaka ikatiririka. Kisha nikarudisha vyandarua, nikafukia pindo vizuri kama alivyofanya mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Siku ya kumi na tano Tofail alipata nguvu ya kusimama. Alfajiri alichuma matunda yake mwenyewe, akayapanga kwenye vikapu viwili juu ya majani ya mgomba, na saa nne asubuhi kaka yake Lutfa akaondoka na bajaji kwenda Patiya na kila kitu. Mimi nilipita adhuhuri kumjulia hali mgonjwa. Nikamkuta Lutfa uani anakunja vyandarua, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza mwaka huu.

"Shemeji, umeona matunda yetu?" akaniambia. "Hayana tundu, na dawa haijayagusa hata tone moja. Ameyalea kwa mikono. Mwanangu leo atakula bila hofu, na yule mama atafunga mdomo."

Miguu yangu ilinipeleka nyumbani. Nikaswali na sikumbuki nilisoma nini. Nikalala chali nikitazama bati na nikaanza kujidanganya. Nikajiambia nchi nzima inakula. Nikajiambia mafuta ya moto yataunguza dawa yote. Kisha nikakumbuka vifuniko viwili, na miguu ya mbuzi ikirushwa hewani. Mimi ni mwoga, nasema wazi. Ilinichukua mpaka sala ya alasiri kuvuka mfereji ule mdogo.

Tofail alikuwa amekaa kizingitini, shuka mabegani. Nilimwambia nimesimama, sikuweza kukaa. Hakupiga kelele.

"Ulitia vifuniko vingapi?" akauliza.

"Viwili, kaka. Nilitaka kukuongezea."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za mgeni. Kisha akatoa simu. Ya Morsheda iliita mpaka ikakatika, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu ikapokewa, na sauti ya Bi Hajera niliisikia mimi niliyesimama hatua nne.

"Mkwe, leo nimekuvulia ushungi. Mwaka huu umetuheshimu. Majirani wamekata mawili kwa ubishi, hawakuona hata alama. Morsheda amelala kidogo, nimemwambia atakula sahani nzima peke yake, huyu mtoto lazima anenepe."

Nikamwona Tofail akifungua mdomo. Aseme nini? Kwamba mwanawe wa kike ameletewa sumu na baba yake? Kwamba mkwe wao anawauzia watu wa mjini kitu asichokila yeye? Mtu akisema hivyo kwa Bi Hajera, mimba zile mbili zitahesabiwa upya kabla ya Idi, na Morsheda atarudishwa na sanduku lake.

"Nilitaka kusema tunakuja," akasema. "Tutafuturu nanyi."

Baba wa binti haendi kula masinia aliyoyapeleka mwenyewe. "Karibuni," akasema Bi Hajera, kwa sauti ya mtu anayemtazama jirani yake na kuinua nyusi.

Mimi na yeye tulipanda bajaji. Barabara ilikuwa imejaa kila mtu anayekimbilia nyumbani kwake kabla ya adhana, na jua lilikuwa limeshakuwa jekundu upande wa mkono wa kushoto. Tofail alikaa ameshika nguzo ya bajaji kwa mikono miwili. Mara moja tu aliongea.

"Nitasema yameoza."

"Hayajaoza, kaka. Wameshayakata."

Harufu ya mafuta ya kukaangia ilitupokea kila mtaa tuliopita, na kila kikaango nilichokiona kando ya barabara kilikuwa na vipande vile vyeusi ukingoni, vinaelea. Nilifumba macho.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika chache. Sinia lilikuwa limeshawekwa katikati ya mkeka, vipande vya biringanya vimepangwa duara, vya dhahabu, bado vinachemka pembeni. Morsheda alikuja tumbo likimtangulia, akainama kugusa miguu ya baba yake kwa heshima, na baba yake akamzuia njiani kwa sababu ya hali yake. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo na wenye furaha. Bi Hajera alikaa kwenye mto kama hakimu.

"Mkwe, una wivu na futari yetu?" akasema. "Au umekuja kuhakikisha tumekaanga vizuri?"

"Nimemkumbuka mwanangu," akasema Tofail.

"Basi kaa. Ila usidhani tulikuwa tunateseka. Huyu binti yako hajakosa biringanya lako hata siku moja."

Tofail alikuwa anakaa, akabaki nusu, mkono mmoja chini. "Langu lipi?"

Morsheda akacheka kwa aibu. "Baba, sikuwahi kukwambia. Kila siku ya soko namtuma Selim atafute gunia lako. Wachuuzi wa hapa wanalijua, wanasema gunia la Tofail wa Dohazari. Mama mkwe aliposema yale mwaka jana, nilitamani kumwambia, mbona tunayoyala kila siku hayana tundu na yametoka kwa baba huyo huyo?"

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe. Kukiwa na msimu siachi hata siku. Nikiwa na mimba ndiyo zaidi, kingine chochote kinanitapisha. Hata zile mara mbili za mwanzo, nilichoweza kula ni hicho tu. Nikikila najiona niko nyumbani."

Hakuna daktari aliyesema kitu juu ya mimba zile mbili, na mimi si daktari. Nasema nilichokiona. Uso wa Tofail ulififia. Hakulia wala hakutikisika, macho tu yalibaki pale kwenye tumbo la mwanawe, na nilijua anahesabu, mwezi wa nne, mwezi wa tano, msimu upi, gunia lipi. Nilitamani ardhi ya Patiya inimeze.

Adhana ikaanza. Watu wakanyoosha mikono kwenye tende na maji. Tofail hakugusa tende. Alilivuta sinia la biringanya mbele yake, akalizungushia mkono wake wa kushoto, akaanza kula. Kipande, na kingine, na kingine, vya moto, bila kupumzika, mafuta yakimtiririka kidevuni. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita sikumwona akionja. Morsheda alinyoosha mkono achukue kimoja na baba yake akausukuma pembeni, kwa upole, bila kumtazama.

"Haya, tumeona," akasema Bi Hajera. "Anayepeleka ndiye anayekula. Mwaka huu mmeleta mila mpya."

Nami nikasogea nikala, ili vimalizike upesi. Vilikuwa vitamu. Sijui kwa nini hilo linaniuma mpaka leo. Mle jikoni vilibaki vikapu na matunda mabichi, na Tofail alisimama, akasema kwa sauti kubwa kwamba anataka kuyarudisha kwa sababu mke wake ameota ndoto mbaya juu ya matunda hayo. Bi Hajera aliwatazama majirani mlangoni, mmoja mmoja, na sote tulielewa kwamba kesho mtaa mzima utakuwa na habari ya mkwe aliyekuja kula futari yake mwenyewe na kuondoka na mabaki.

Morsheda alitusindikiza mpaka getini. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Baba, umeniaibisha."

"Mwanangu, usile biringanya tena mpaka ujifungue."

"Kwa nini?"

"Usile tu. Baba yako anakuomba."

Akamtazama, kisha akanitazama mimi, na nikatazama tairi la bajaji. Alizaliwa ukingoni, yule. Alikua akiona mama yake akichuma nyuma ya zizi. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu mkono wake ulishuka ukakaa juu ya tumbo.

"Lenu, au la watu wote?" akauliza.

"La watu wote."

"Na kunde? Na nyanya? Na maboga?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, soko lote la hapa linaletwa kutoka kwenu kule. Nile nini?"

Tofail alisimama ameshika chuma cha geti. Mwenye bajaji akapiga honi, na tukaondoka. Njiani tulisimama mara mbili, akatapika kando ya barabara, na mara ya pili nilitapika naye.

Alfajiri iliyofuata nilisikia bomba. Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Nikatoka na kumkuta kwenye matuta ya soko, kitambaa puani, anapiga kama siku zote, mkono wa kulia unapampu, wa kushoto unatetemeka.

"Unapiga, kaka?"

"Kesho gari linakuja."

"Na watakaokula?"

Alisimama. Macho yake bado yalikuwa mekundu. "Wewe unawajua?" akaniuliza, na hakuniuliza kwa kejeli. Alitaka kweli kusikia kama ninawajua. Sikuwajua. Nikarudi nyumbani nikachukua bomba langu.

Idi imepita. Kila wiki Lutfa anapanda basi kwenda Patiya na chungu cha samaki, na chini ya samaki anaficha mabiringanya ya nyuma ya zizi, yale yenye matundu, ili Bi Hajera asiyaone. Morsheda yuko mwezi wa nane unaokwisha. Juzi alimpigia baba yake simu asubuhi, akasema tangu jana mtoto hajacheza tumboni. Jioni akapiga tena, akasema amecheza, mara moja, kidogo. Tangu siku hiyo, simu ikilia kiunoni mwa Tofail, anaacha kupampu, nami ng'ambo ya mfereji naacha, na tunasimama hivyo na mabomba mgongoni mpaka apokee.